Mirathi Moja, Elimu Nne

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni zake Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanadamu akili, ulimi na kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayefuata njia yao mpaka Siku ya Kiyama. Ama baad.

 Naiusia kwanza nafsi yangu, kisha nakuusieni nyinyi, tumche Allah kwa siri na kwa dhahiri.

Nasaha ya toleo hili imetokana na swali nililoulizwa na mjane mmoja, nikashindwa kulijibu.

Mnaijua desturi ya mabwenini mwetu. Likizuka jambo la dini, macho yote hutugeukia sisi wa Masomo ya Kiislamu. Mwanafunzi wa biashara atasema, "Mimi ni mtu wa dunia, muulize sheikh." Wa sheria atasema hivyo hivyo, na wa sayansi, na wa fasihi. Nasi tumelipokea jina hilo la sheikh kabla hatujastahiki kulibeba. Tena wengine wetu tumekwenda mbali zaidi. Tunamwona mwenzetu anakimbilia maabara, au amekumbatia riwaya, tunasema moyoni kwamba huyu ameikosa elimu yenyewe. Nasema "tunasema" kwa sababu nami nilikuwa mmoja wao.

Mwaka jana, tukiwa katika likizo ndefu, baba yangu mdogo alifariki dunia. Allah amrehemu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na mpaka wa Kenya, akiuza saruji, mabati, misumari na rangi. Aliacha mama yake, yaani nyanya yangu, aliacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Usiku wa tatu baada ya maziko wazee walikaa sebuleni, na baba mkubwa akaniita mbele ya watu wote. "Wewe ndiye unayesoma dini. Tugawie kama alivyoamuru Mungu."

Nikaomba karatasi. Mke ana thumuni, moja ya nane. Mama ana sudusi, moja ya sita. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume kwa mafungu mawili na kila binti kwa fungu moja. Hesabu nikaisimamisha juu ya 24, mafungu ya watoto yakakataa kugawika, nikaikuza hadi 96. Mke 12, nyanya 16, mwana 34, kila binti 17. Nikajumlisha mbele yao, ikatimia 96 kamili. Wazee wakasema mashaallah. Moyo wangu ukajaa, na Allah anajua kwamba haukujaa shukrani peke yake.

Ndipo mama mdogo, aliyekuwa katika eda chumba cha ndani, akauliza nyuma ya pazia kwa sauti ya upole, "Mwanangu, hiyo tisini na sita ni tisini na sita ya nini?"

Nikanyamaza. Sikujua ni ya nini.

Ndugu zangu, aya za mirathi zimo katika Surat an-Nisaa, na kwa muda wa mihula miwili nilikuwa nimezisoma na kuzifanyia mtihani. Lakini aya hizo hizo, kila zinapotaja mafungu, zinakumbusha kwamba ni baada ya wasia na baada ya deni. Mimi nilikuwa nimerukia mafungu. Sikuuliza deni, sikuuliza wasia, sikuuliza hata kama nyumba ile ina uja uzito. Nilijua kugawa, ila sikujua ninachokigawa.

Turudi nyuma kidogo, mjini Madina. Yupo sahaba aitwaye Saad bin Rabii (r.a.). Huyu ndiye Answari ambaye Mtume (s.a.w.) alimuunganisha udugu na Abdurrahman bin Auf (r.a.). Saad akamtolea Abdurrahman nusu ya mali yake, naye akamwombea baraka na kusema aonyeshwe soko tu. Habari hiyo tunaipenda, na wenzetu wa biashara huitaja kila mara. Ila wengi wetu hatufuati habari ya Saad mpaka mwisho. Saad alikufa shahidi katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, akaacha mke na mabinti wawili. Ndugu yake akaichukua mali yote. Mjane akaenda kwa Mtume (s.a.w.) na mabinti wake, akamweleza kwamba baba yao ameuawa, ami yao amechukua kila kitu, na mabinti hawataolewa wakiwa hawana mali. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba Allah atalihukumu jambo hilo. Ikashuka aya ya mirathi. Akamwita yule ami, akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, ampe mama yao thumuni, na kitakachobaki ndicho chake.

Zingatieni hapo. Aya tunayoikariri na kuitungia mitihani iliteremka kwa sababu ya swali la mjane. Na mimi mjane aliponiuliza, sikuwa na jibu.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikamwendea dada yangu, anayesoma biashara na uhasibu katika chuo kingine. Nikampa daftari la madeni la marehemu. Alikaa nalo siku nane dukani, na milango ya duka imefungwa. Alihesabu bidhaa moja moja. Akakuta kwamba ile saruji iliyopangwa mpaka darini, zaidi ya nusu haijalipiwa kwa mwenye duka la jumla. Akakuta mafundi waliokopa wameandikwa kwa majina ya utani, na mwingine kwa maneno haya tu: fundi wa msikitini, mifuko 6. Akawatafuta mmoja mmoja. Akakuta pia mstari mmoja pembeni: amana ya mama muuza samaki, 340,000. Mama huyo alikuwa akiweka akiba yake kwa marehemu kidogo kidogo, bila hati wala shahidi. Lau tungegawa usiku ule, akiba yake ingeingia katika ile 96 yangu, na sisi tungekula amana ya maskini huku tukisoma aya.

Mnakumbuka kwamba lililetwa jeneza, Mtume (s.a.w.) akauliza kama maiti ana deni. Akaambiwa analo, dinari mbili katika riwaya moja na tatu katika nyingine. Akawaambia masahaba wamsalie wenyewe, mpaka Abu Qatada (r.a.) alipolichukua deni lile juu yake. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni, inamtaja mwandishi, mashahidi na uadilifu wa kalamu. Ewe mwanafunzi wa biashara, usiseme tena kwamba wewe ni mtu wa dunia. Aya ndefu kuliko zote inahusu kazi yako.

Baba mkubwa hakupenda kusubiri. Sitaki mumdhanie vibaya. Yeye ndiye aliyelipa gharama za mazishi, na alitaka kiwanja cha duka kiuzwe ili watoto walipiwe ada. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuonyeshwa mipaka. Nikampigia simu rafiki yangu anayesoma sheria, akaja kwa basi, akaomba kuziona karatasi za kiwanja. Akazisoma mara mbili. Kiwanja hakikuwa kwa jina la marehemu. Kilikuwa kwa jina la babu, aliyefariki miaka mingi, na mirathi ya babu haikuwahi kugawanywa. Maana yake ni kwamba ndani ya kiwanja kile mlikuwa na haki za mashangazi zangu, waliokuwa jikoni wakipika, na hakuna aliyewauliza. Rafiki yangu akaeleza kwa adabu kwamba hakuna wa kuuza hata hatua moja kabla mahakama haijatoa hati ya usimamizi wa mirathi, na kwamba mnunuzi mwenyewe angepoteza fedha zake. Mnunuzi akaondoka akishukuru.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 129, inazitaja mahakama za kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi wa watoto. Lakini maneno ya katiba hayamfikii mjane mpaka apatikane Mwislamu anayeijua sheria ya nchi na kuiheshimu sheria ya Mola wake, aketi naye na kumsomea karatasi zake.

La tatu likaja kwa njia ya nyanya. Aliniita faraghani, akaninong'oneza kwamba mama mdogo ni mjamzito, ila ameona haya kulisema mbele ya wanaume. Nikaduwaa. Katika kitabu chetu cha mirathi mna mlango mzima unaohusu mimba, na mtihani wa mlango ule nilikuwa nimeufaulu! Binti wa jirani yetu anasoma ukunga. Yeye ndiye aliyekaa na mama mdogo, akamshawishi aende kliniki, akamsindikiza mwenyewe. Kipimo cha altrasaundi kikaonyesha mapacha. Yale mafungu niliyowagawia watoto watatu, kumbe wenyewe ni watano. Madhehebu ya Imamu Shafi yanasema kwamba warithi ambao fungu lao halibadiliki hupewa haki yao, na wale ambao fungu lao hutegemea idadi ya watakaozaliwa husubiri mpaka mimba izaliwe. Nilikuwa nikiijua hukumu. Aliyeniwezesha kuitumia ni mwanafunzi wa ukunga.

Sayansi haikuingia katika Uislamu kwa mlango wa nyuma. Watu wa Madina walipoacha kuchavusha mitende kwa kusikia neno la Mtume (s.a.w.), na mavuno yakapungua, aliwaambia kwamba wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Na al-Khwarizmi, aliyeandika mjini Baghdad katika karne ya 9 kile kitabu ambacho jina lake limetupatia neno aljebra, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za wasia na mirathi. Wanaotetemeka mbele ya aljebra wajue kwamba ilikua pamoja na haki za mayatima.

Likabaki la nne. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari marehemu alikuwa ameandika: duka ni la watoto wa nyumba hii, wasigombane. Baba mkubwa alisema ni watoto wake wa kuzaa. Mzee mwingine akasema ni watoto wa ukoo wote. Na mle nyumbani alikuwamo kijana yatima, mtoto wa marehemu shangazi yangu, aliyelelewa hapo tangu utotoni. Alikuwa amekaa karibu na mlango, hasemi kitu. Nikaupiga picha ukurasa ule, nikamtumia kwa simu mwenzangu wa chumbani anayesoma fasihi. Hakunipa maoni yake. Aliniomba nimtumie kila ukurasa wenye maneno hayo. Tukapekua. Katika ukurasa wa ada za shule marehemu alikuwa ameandika "watoto wa nyumba hii", na chini yake majina manne. La nne lilikuwa la yule yatima.

Tukampelekea sheikh wetu. Akasema kwamba watoto wa kuzaa hawachukui kwa wasia, kwani Allah amekwisha kuwapangia fungu lao. Yatima si mrithi, basi wasia unamhusu, usivuke theluthi ya kitakachobaki baada ya madeni. Yule kijana akainamisha uso, akalia. Sisi sote tulikuwa tumeusoma mstari ule kwa haraka. Aliyefundishwa kusoma polepole ndiye aliyemkuta ndani yake.

Kwa wale wanaouliza fasihi na lugha zina kazi gani katika dini, nawakumbusha Zaid bin Thabit (r.a.). Mtume (s.a.w.) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zao zisomwe kwa uaminifu, akayajifunza kwa takriban nusu mwezi. Na huyo huyo Zaid ndiye ambaye Mtume (s.a.w.) alimtaja kuwa mjuzi zaidi wa mirathi katika umma wake, na ndiye aliyepewa kazi ya kuikusanya Qur'ani. Lugha na mirathi zilikaa katika kifua kimoja, na hazikugombana.

Ndugu zangu, wanazuoni wanaiita elimu ya namna hii fardhi kifaya. Jeneza likiwa mlangoni na baadhi ya watu wakalisalia, wengine wamesalimika. Wakiliacha wote, wote wana dhambi. Imamu Ghazali alizihesabu tiba na hesabu katika faradhi hizo, na akaitaja kwa jina haja ya hesabu katika kugawa wasia na mirathi. Tena aliwalaumu watu wa zama zake kwamba miji mingi haina tabibu Mwislamu, huku watu wakisongamana katika fiqhi. Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa mimi nimo katika msongamano huo.

Basi elewa nafasi yako. Ukikaa katika darasa la uhasibu, au la sheria, au la ukunga, au la fasihi, wewe umekalia kiti kwa niaba ya Waislamu wengi ambao hawakukipata. Ukinunua kazi ya darasani kwa mwenzako, au ukiingia na karatasi katika mtihani, usidhani umemdanganya mwalimu tu. Ipo siku daftari la marehemu litawekwa mbele yako, na ndani yake mna amana ya mama muuza samaki, nawe hutaiona.

Lakini nisije nikafahamika vibaya. Sisemi kwamba kila anayesoma yumo katika ibada. Kalamu ile ile iliyoitoa amana ya mama muuza samaki inaweza kuificha. Bi Umm Salama (r.a.) amesimulia kwamba watu wawili walikuja kwa Mtume (s.a.w.) wakigombania mirathi, na hakuna mwenye ushahidi. Akawaambia kwamba yeye ni mwanadamu, huenda mmoja wao ni fasaha zaidi wa hoja, naye akahukumu kwa anavyosikia. Yeyote atakayehukumiwa haki ya ndugu yake asiichukue, kwani amekatiwa kipande cha moto. Wale wawili wakalia, kila mmoja akasema haki yangu ni ya mwenzangu. Wanafunzi wa sheria na wa lugha, ufasaha mnaoufundishwa ndio huo. Wa biashara, mtafundishwa riba kama jambo la kawaida, lijueni mpate kulikwepa. Na Qur'ani imewaonya wanaokula mali ya yatima kwa dhulma kwamba wanakula moto matumboni mwao. 

Nasi wa Masomo ya Kiislamu, tujifunze neno moja: sijui. Tuliseme mapema, kabla wazee hawajasema mashaallah.

Nina maombi matatu. Kwanza, kila mmoja wetu aiandike nia yake ya kusoma, kwa mstari mmoja, aibandike anapoiona. Pili, tuandike madeni yetu leo, hata ya fotokopi na ya chapati na mayai pale getini. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwislamu mwenye kitu cha kuusia asilale siku mbili bila wasia wake kuandikwa. Tatu, naiomba Jumuiya yetu itenge meza moja msikitini, Jumamosi baada ya Alasiri, akae mtu wa mirathi, wa uhasibu, wa sheria, wa afya na wa lugha. Atakayekuja na daftari la marehemu wake asikute mtu mmoja mwenye kalamu na kiburi, kama walivyonikuta mimi.

Mapacha walizaliwa salama mwezi wa Rajabu, mvulana na msichana. Nilikaa tena na karatasi, safari hii dada yangu yuko kulia kwangu. Hesabu ilisimama juu ya 168. Mama mdogo 21, nyanya 28, kila mwana 34, kila binti 17. Kiwanja bado kiko mahakamani, na mashangazi wameandikwa. Mama muuza samaki amechukua amana yake. Mama mdogo akauliza tena, na safari hii alikuwa akitabasamu, "Ni 168 ya nini?" Dada yangu akamfungulia ukurasa.

Ewe Mola wetu, tunakuomba elimu yenye manufaa, na tunajikinga kwako na elimu isiyonufaisha. Warehemu waliotutangulia, walipie madeni yao, walinde mayatima wao. Usitufanye sisi kuwa sababu ya haki ya mjane kupotea. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.